Divai nyekundu ya bei rahisi kwenye chajio cha Mfaransa

Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji hiki, na yote mawili yalishuka pwani kutoka merikebuni. Mvinyo ni vinho ya Wareno. Divai ni Kifaransa, du vin. Hilo neno dogo la mbele, du, Mfaransa hulitumia kwa kitu anachokitaka kwa kiasi tu, bila kukihesabu: du pain ni mkate, du sel ni chumvi, du vin ni divai. Akiwa mezani huomba vyote vitatu kwa namna moja. Ukilishika hilo umeshika nusu ya makala haya. Kwa vizazi kadhaa divai nyekundu ya bei rahisi ilikaa mezani kwa mkulima, fundi na karani wa Ufaransa pamoja na chumvi na mkate, si pamoja na vitu vya sherehe.

Kwetu iliingilia mlango mwingine, mlango wa mahoteli. Mhudumu wa Diani, Watamu au Malindi huiona ikiletwa imeviringishiwa kitambaa cheupe, inafunguliwa mbele ya mgeni, inaonjwa, inasifiwa. Bei yake hapa imeshapanda kwa nauli ya meli, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT kabla hoteli haijaongeza faida yake. Kwa hiyo chupa anayoinunua mstaafu wa Avignon akitoka kununua viazi huja kuwekwa mbele ya mtalii kama kito. Ndiyo maana wengi wetu twadhani divai yote ni kinywaji cha mabwana wakubwa.

Kwa Mwislamu divai ni haramu, na hakuna neno hapa chini linalolibadilisha hilo. Lakini yuko anayeihudumia kwa ajira, yuko aliye na jamaa Marseille au Paris na hualikwa mezani, na wako wakazi wa Pwani wasio Waislamu ambao huinywa. Wote hao wanahitaji kuijua kwa ukweli wake, si kwa mbwembwe za hotelini.

Tuchukue mfano mmoja: Côtes du Rhône, maana yake miteremko ya mto Rhône. Mto huo hutoka milima ya Alps kule Uswisi, hukata kusini mwa Ufaransa na kumwagika bahari ya Mediterania, magharibi ya Marseille. Mashamba ya mizabibu yenye haki ya kutumia jina hilo yako kati ya mji wa Vienne na mji wa Avignon, masafa ya kama kilomita 200. Nchi ni ya mawe na jua kali, na upepo wa kaskazini uitwao mistral huvuma kwa nguvu hadi ukakausha majani ya mizabibu yasipate ukungu. Zabibu inayotawala ni Grenache, tamu na yenye mwili, ikichanganywa na Syrah nyeusi na Mourvèdre. Divai yake hufika kileo cha asilimia 13 hadi 14 na zaidi. Katika duka kubwa la Ufaransa chupa nzuri ya kawaida hupatikana kwa yuro 4 hadi 7. Kwa kuwa yuro moja imekuwa ikizunguka shilingi 150 za Kenya, hiyo ni kama shilingi 600 hadi elfu moja na kidogo, bei ambayo Mfaransa mwenye mshahara wa kawaida haoni kuwa ni anasa.

Wapo hata wasionunua chupa. Katika vijiji vya kusini wakulima wengi hupeleka zabibu zao kwenye chama cha ushirika, na ushirika huwa na bomba lenye mpini kama la kituo cha petroli. Mtu huja na dumu lake la lita tano au kumi, hujaziwa, hulipa, huenda zake, sawasawa na mtu anayenunua mafuta taa dukani kwetu. Na madukani kuna maboksi yenye mfuko ndani na kibomba pembeni. Wajuaji huyacheka, lakini kwa mtu anayetaka gilasi moja tu usiku boksi lina akili kuliko chupa, kwa sababu mfuko hujikunja divai inapopungua, hewa haiingii, na kinywaji hukaa majuma kadhaa bila kuharibika.

Sasa chajio chenyewe. Ni Jumanne, watu wametoka kazini, hakuna mgeni. Kinachopikwa ni kimanda cha mayai na saladi, au kuku wa kuoka, au steki na chipsi, au kamande zilizochemshwa na soseji, au biringani, nyanya na pilipili hoho zilizopikwa pamoja mpaka zikalainika, chakula ambacho watu wa kusini hukiita ratatouille. Mkate uko mezani, jagi la maji lipo, na divai ipo. Hakuna anayeizungusha gilasi wala kuinusa macho yakiwa yamefumbwa. Gilasi ni ndogo, hutiwa nusu au theluthi, na humalizwa kwa vigumba baina ya tonge na tonge. Anayekunywa divai hiyo bila chakula huiona kali na isiyo na mpango wowote. Na kwa kweli haikutengenezwa inywewe peke yake.

Kwa nini basi waihitaji? Mpishi wa Kiswahili angelijibu swali hili haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Mbona sisi hatuli pilau bila kachumbari na ndimu? Mbona mishkaki huletwa na ukwaju? Kwa sababu nyama na mafuta hufunika ulimi, na baada ya matonge machache ladha hufa. Ugwadu wa ndimu au ukwaju hukata yale mafuta, mate hutoka, na tonge la kumi huwa na ladha kama la kwanza. Divai nyekundu hufanya kazi hiyohiyo katika nchi isiyo na ukwaju. Ndani yake mna ugwadu wa zabibu, na pia mna kitu wataalamu hukiita tanini, kitokacho kwenye maganda na kokwa. Tanini ndiyo ule ukakasi unaoujua ukila bibo, au ukinywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni na majani yake. Hujishika na protini. Kinywani pakiwa hapana kitu hushika mate na kukukausha mdomo; pakiwa na nyama au jibini hushika hizo kwanza, na ukakasi hupotea. Kwa hiyo steki huilainisha divai na divai huisafisha steki.

Mambo mengine yote ya nini kiende na nini hufuata hapo, na mtu hahitaji kuyakariri. Nyama ya kuchoma, maini, kuku aliyekaushwa ngozi, maharagwe yenye mafuta, jibini gumu, vyote hupatana na Côtes du Rhône. Samaki wengi hawapatani nayo: chuma kilichomo katika divai nyekundu hugusana na mafuta ya samaki na kuacha ladha kama ya kulamba sarafu. Pilipili kali nayo ni adui, kwani kileo huzidisha moto wake mdomoni. Mtalii anayeagiza divai nyekundu nzito kwa samaki wa kupaka aliyetiwa pilipili atakula vibaya, atakunywa vibaya, na lawama itamwendea mpishi. Mhudumu mwenye ujuzi humshauri mapema, kwa upole, achague nyeupe baridi, au aichukue ile nyekundu na mishkaki.

Jambo linaloharibu divai ya bei rahisi Pwani kuliko jingine lolote ni joto. Vitabu vya zamani vya Ulaya vilisema divai nyekundu inywewe katika joto la chumba, na watu wa hoteli wakalishika hilo kama aya. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ufaransa kabla ya mitambo ya kupasha joto, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari ni nyuzi 30 na ushei. Katika joto hilo kileo hupanda puani, matunda hufichika, na kinywaji cha yuro tano huonja kama dawa. Chupa ikae frijini nusu saa, itolewe, ifunguliwe. Beaujolais, ambayo ni nyepesi zaidi na hutoka juu ya Rhône karibu na Lyon, hutaka baridi zaidi kidogo. Hakuna haja ya kuimwaga katika chombo kingine wala kuiacha ipumue saa nzima. Mikogo hiyo ni ya divai kongwe za bei kubwa.

Ikibaki, irudishiwe kizibo na kuwekwa frijini. Itafaa siku mbili, pengine tatu. Baada ya hapo hewa na vijidudu huanza kuigeuza siki, na Wafaransa waliipa siki jina kwa kulitazama jambo lenyewe: vinaigre, yaani divai chungu. Familia za mashambani zilikuwa na mtungi jikoni wa kumiminia mabaki ya chupa. Hapa pana suala la fikihi ambalo wasomaji wetu hulijua: divai ikigeuka siki yenyewe, wanazuoni hawana ugomvi nayo, ikigeuzwa kwa kutiwa kitu, madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Pwani, huikataa, na Hanafi huiruhusu. Mwenye shaka na chupa ya siki ya dukani amuulize shekhe wake.

Lebo ya chupa huwatisha watu bure. Kwa divai hizi za kila siku kuna daraja tatu tu za kusoma. Vin de France maana yake zabibu zaweza kutoka popote Ufaransa. IGP ni ya eneo pana, kama Pays d'Oc kule Languedoc, na mara nyingi huandikwa jina la zabibu yenyewe. AOC, au AOP kwa lugha ya Umoja wa Ulaya, ni jina la mahali lililolindwa kwa sheria: mipaka ya mashamba, aina za zabibu, kiasi cha mavuno kwa hekta. Mfumo huo ulitungiwa sheria mwaka 1935, na Côtes du Rhône ikapata haki yake mwaka 1937. Hakuna daraja kati ya hizo inayokuahidi utamu. Kwa maoni yangu Pays d'Oc ya mtengenezaji mwaminifu huishinda Bordeaux ya bei hiyohiyo mara nyingi, kwani katika Bordeaux ya bei ya chini unalipia jina. Picha ya kasri kwenye lebo nayo haina maana yoyote.

Lakini unafuu wa chupa hii una historia, na si yote ya kupendeza.

Mwaka 1737 mfalme wa Ufaransa aliamuru mapipa yaliyotoka bandari ya mtoni ya Roquemaure na vijiji vya jirani yapigwe chapa ya moto C.D.R., ili wafanyabiashara wasiuze divai ya kwingine kwa jina la Rhône. Miaka mia na kitu baadaye, mwaka 1863, ni katika eneo hilohilo, kijiji cha Pujaut, ambapo mizabibu ilianza kukauka bila sababu kuonekana. Sababu ilikuwa filoksera, mdudu mdogo mfano wa chawa, aliyeletwa na miche kutoka Marekani na kula mizizi. Jules Émile Planchon wa Montpellier na wenzake walimgundua mizizini mwaka 1868. Katika miongo michache aliangamiza sehemu kubwa ya mashamba ya nchi nzima. Dawa iliyofaa ilikuwa kupandikiza mzabibu wa Kifaransa juu ya shina la Kimarekani, ambalo mdudu haliwezi, na mpaka leo karibu mizabibu yote ya Ufaransa imesimama juu ya mizizi ya kigeni.

Pengo lile lilijazwa kutoka Aljeria. Walowezi wa Kifaransa walipanda mizabibu katika ardhi waliyowanyang'anya wenyeji, na kufikia miaka ya 1930 koloni hilo la Waislamu lilikuwa na karibu hekta 400,000 za mizabibu na lilikuwa muuzaji mkubwa wa divai kuliko nchi yoyote duniani. Divai ya Aljeria, nzito na nyeusi, ilisafirishwa kwa meli na kuchanganywa na ile nyepesi ya Languedoc, na hiyo ndiyo iliyomfikia mfanyakazi wa Paris. Mwandishi Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies cha mwaka 1957, aliisifu divai kama alama ya Ufaransa kisha akamalizia kwa kuwakumbusha wenzake kuwa utamu huo hauna usafi wa moyo: Mwaljeria alilimishwa zao asilolihitaji katika ardhi iliyokuwa yake, naye hana mkate. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 Ufaransa ilipunguza kununua, na katika miaka ya 1970 serikali ya Aljeria ikaanza kung'oa.

Huko Languedoc kwenyewe wingi wa divai uliwaua wakulima kwa bei. Mwaka 1907, wakiongozwa na mwenye mkahawa aitwaye Marcelin Albert wa kijiji cha Argeliers, waliandamana mji baada ya mji dhidi ya divai ya kughushi iliyotengenezwa kwa maji na sukari. Montpellier walijaa mamia ya maelfu. Narbonne askari walifyatua risasi na watu wakafa, na kikosi cha 17 cha askari wa miguu, wengi wao watoto wa wakulima haohao, kikaasi. Sheria ya kuzuia kughushi ilipita mwaka huohuo. Kisha ikaja Vita Kuu: posho ya askari mahandakini ilianza na robo lita ya divai kwa siku na ikaongezwa kadiri vita vilivyorefuka. Waliorudi nyumbani hai walirudi na mazoea. Baba na babu za Wafaransa wa leo waliikumbuka divai ya chupa za lita moja zenye nyota shingoni, chupa zilizorudishwa dukani kama tunavyorudisha kreti za soda.

Ilinywewa kupita kiasi, hilo lisifichwe. Hadi Agosti 1956 ndipo serikali ilipopiga marufuku vileo katika mabwalo ya shule kwa watoto walio chini ya miaka 14. Mwaka 1960 kila Mfaransa alihesabiwa kunywa kwa wastani zaidi ya lita 120 za divai kwa mwaka. Siku hizi ni kama lita 40. Sheria ya mwaka 1991 ilibana matangazo ya vileo. Kijana wa leo hula chajio na maji, na divai huiacha kwa Jumamosi. Ushauri wa afya wa Ufaransa ni gilasi mbili kwa siku zisizidi, na isiwe kila siku. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kuwa hakuna kiwango cha kileo kisicho na hatari kwa afya. Gilasi inayohesabiwa hapo ni ya sentilita 10, kwa hiyo chupa moja ni gilasi saba na nusu. Ukiwaona watu wawili wameimaliza kwa chajio kimoja, wamepita.

Ufaransa imepata afya, na wakulima wa divai nyekundu ya bei rahisi wamepata balaa. Mwaka 2023 serikali ilitenga yuro milioni 200 kununua divai isiyo na mnunuzi na kuigeuza spiriti ya viwandani. Mwaka uliofuata ikatangaza kumlipa mkulima yuro 4,000 kwa kila hekta atakayong'oa moja kwa moja. Mtu wa Kilifi aliyeona mikorosho ikikatwa kuni kwa kukosa bei atalielewa jambo hili bila kuelezwa. Shamba la mizabibu huchukua miaka mitatu au minne kuzaa na miaka thelathini kukomaa. Trekta huling'oa asubuhi moja.

Limebaki la msomaji asiyeinywa lakini atakayeketi katika meza hiyo, kama walivyo Wangazija wengi wa Marseille, ndugu zetu wa lugha na dini, ambao wameishi katikati ya utamaduni huu miaka mingi. Gilasi ni rahisi kuikwepa. Maji yako mezani daima, na kwa sheria mkahawa wa Ufaransa hauna budi kukupa ya bomba bure ukiomba. Tatizo liko sufuriani. Coq au vin ni jogoo katika divai, bœuf bourguignon ni ng'ombe katika divai, daube ya kusini ni hivyohivyo, na mchuzi mwekundu mzito juu ya steki mara nyingi umeanza na gilasi ya divai kikaangoni. Haradali ya Dijon mara nyingi hutiwa divai nyeupe. Maneno kwamba kileo chote huruka kwa moto si kweli: kwa jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichotokota dakika 15 hubaki na asilimia 40 ya kileo kilichotiwa, cha saa moja hubaki na 25, na hata cha saa mbili na nusu hubaki na 5. Sentensi ya kumwambia mhudumu ni fupi: sans vin et sans alcool, bila divai na bila kileo. Asemwe kabla ya kuagiza, kwani daube huwekwa katika divai tangu usiku wa kuamkia siku ya kupikwa.